Shusha gari lako, ila usiisingizie kona

Pitisha vidole vinne kati ya tairi la Toyota IST na tao la bodi lililo juu yake. Vinapita bila kugusa chochote. Nafasi hiyo ndogo, ambayo wahandisi wa Japani waliiacha makusudi, ndiyo inayowakosesha vijana wa mjini usingizi. Wanaiona kila wanapoegesha mbele ya kioo cha duka, na mtu akishaiona mara moja hawezi tena kuacha kuiona. Basi huja kwangu.

Mimi ni fundi wa miguu. Injini sifungui, umeme sigusi, na rangi naitazama tu ikipulizwa na jirani yangu. Kazi yangu ni shokapu, springi, bushi, boljointi, tairodi na vyote vinavyolizuia gurudumu lisiende linakotaka lenyewe. Gereji yangu ipo Tabata, chini ya mwarobaini, na wanaokuja kutaka magari yao yashushwe wamekuwa wengi kiasi kwamba nimeona bora niandike msimamo wangu hapa kuliko kumrudia kila mmoja maneno yale yale.

Kijana hunisalimia vizuri, shikamoo fundi, kisha ananiambia anataka gari lishuke kidogo "litulie kwenye kona." Hapo ndipo tunapoanza kupishana. Nikimuuliza kona ipi, anacheka. Anakaa Kinyerezi, ofisi yake ipo Posta, na asubuhi njia yote hiyo ni foleni ambayo mchuuzi wa karanga anaipita kwa miguu. Kona kali kuliko zote anazokata ni ile ya kuingilia kituo cha mafuta. Hakuja kwa ajili ya kona. Amekuja kwa sababu gari lililolala karibu na lami ni zuri, na anaona haya kulitamka hilo mbele ya mzee aliyepakaa grisi hadi kwenye viwiko.

Asione haya. Nchi hii tunapamba kila kinachotembea. Bodaboda ina vioo vinne ambavyo hakuna hata kimoja kinachotazama nyuma, bajaji ina wosia mzima umeandikwa mgongoni, na lori la safari ndefu lina mapazia yenye vishada kwenye kioo cha mbele. Hajatokea mtu wa kumuuliza dereva wa lori kama vile vishada vinapunguza ulaji wa dizeli. Gari lililoshushwa kwa kipimo, magurudumu yakakaa sawasawa chini ya matao yake, linapendeza, na likipita hapa barabarani hata mimi nageuza shingo.

Kuna watu waliolifanya jambo hili kwa uwazi kabisa, nao ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko wa Los Angeles na miji ya jirani. Baada ya Vita Kuu ya Pili walianza kuyalaza magari yao, Chevrolet hasa, kwa kukata springi na kupakia mifuko ya mchanga kwenye buti. Walitembea taratibu, ili waonekane. Hawakudai kwamba gari linashika barabara zaidi. Lilikuwa pambo na lilikuwa fahari ya mtaa. Serikali ya California haikupendezwa. Sheria ya 1958 ikapiga marufuku gari ambalo sehemu yake yoyote ya chini imeshuka kupita ukingo wa chini wa rimu. Mwaka uliofuata kijana mmoja, Ron Aguirre, akaifungia Chevrolet Corvette yake pampu na mitungi ya mafuta ya haidroli iliyotoka kwenye ndege. Akimwona polisi, analiinua gari; polisi akipita, analilaza tena. Ilibidi ifike 2023 ndipo jimbo hilo lilipopitisha sheria ya kuondoa vizuizi hivyo, ikaanza kutumika Januari 2024. Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba uzuri uliitwa uzuri, na mtu aliyeutaka aliulipia kwa akili na kwa fedha. Kwetu mteja anautaka uzuri, anauita usalama, halafu anataka kuulipia elfu hamsini.

Sasa twende kwenye hiyo kona, maana hoja yenyewe si ya kipuuzi. Gari likikata kona, uzito unahama kutoka magurudumu ya upande wa ndani kwenda ya upande wa nje. Kadiri kitovu cha uzito kilivyo juu ndivyo unavyohama mwingi, na kadiri upana kati ya magurudumu ulivyo mkubwa ndivyo unavyohama kidogo. Ndiyo maana magari ya mashindano ya lami yapo chini na ni mapana. Hadi hapo kijana yupo sahihi.

Tufanye hesabu lakini. Chukua gari dogo la kilo 1,100, kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 55 kutoka ardhini, na upana wa sentimita 145 kati ya magurudumu. Likate kona kwa nguvu inayomfanya abiria ashike mpini ulio juu ya mlango, yaani kama nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia. Uzito unaohama ni kilo 210 hivi. Lishushe gari hilo hilo sentimita nne, ambazo si kidogo, kisha urudie kona. Zinahama kilo 195 hivi. Umeokoa kilo 15, yaani gesi iliyomo kwenye mtungi wa kati wa jikoni. Hicho ndicho ulichokipata, tena katika kona ambayo hutaikata ukiwa na mama yako ndani ya gari.

Kilo 15 si sifuri. Mtu wa mashindano atazifurahia. Ila kwa gari la mtaani kuna kitu kinaweza kuzila zote na kudai chenji. Vitz, IST, Passo, Premio na wenzao wana mguu wa mbele wa aina iliyobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson, ambao uliingia sokoni na Ford Consul ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shokapu na springi zimesimama pamoja, nguzo moja, na chini yake kuna mkono mmoja unaotoka kwenye chasi hadi kwenye gurudumu, ule tunaouita wishiboni. Gari likitoka kiwandani mkono huo umelala bapa au umeinamia kidogo upande wa gurudumu. Ukilishusha gari, ncha ya upande wa gurudumu inapanda, mkono unatazama juu. Na mlalo wa mkono huo ndio unaoamua bodi itainamia wapi. Gari likishuka, sehemu ambayo bodi inaizunguka inapolala nayo inashuka, tena inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka badala ya kupungua, na bodi inapata wenzo mrefu zaidi wa kujilaza.

Kwa maneno mafupi, Vitz iliyoshushwa ovyo inaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko ile iliyotoka kiwandani. Wateja hawaniamini nikisema hivi. Wanasema mbona linahisi limekakamaa? Ndiyo, limekakamaa kwa sababu springi ni fupi na ngumu, na mtu akitikiswa hadhani kama gari linalala. Ugumu na utulivu vinachanganywa sana kwenye gereji zetu. Gari gumu kwenye lami yenye viraka linaruka, na tairi lililo hewani halishiki kitu.

Altezza na Mark X zina hesabu tofauti kidogo, kwa kuwa mbele zina mikono miwili, wa juu na wa chini, na zinavumilia kushushwa vizuri zaidi. Bahati mbaya wenye Altezza wanalijua hilo na wanalitumia kama leseni.

Kuna jambo ambalo lingewapa hao vijana utulivu wanaoutafuta, nalo haliwavutii kwa sababu halionekani. Magari haya tunaletewa yakiwa na miaka kumi, kumi na tano, mengine zaidi. Shokapu zake zimechoka tangu Yokohama. Raba za bushi zimepasuka, boljointi zinacheza, na tairi ni za mtumba. Tazama ubavuni mwa tairi lako, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mara nyingi nakuta 2312 au 0911, halafu mwenye tairi ananiambia anataka gari lishike barabara. Raba ya mwaka 2011 inashika nini? Mfungie mtu huyo shokapu nne mpya za kipimo cha kiwanda, bushi mpya za wishiboni, tairi mpya nne, kisha mpeleke akapigiwe alaimenti na mtu anayejua mashine yake. Atakuwa na gari ambalo hajawahi kulionja tangu alilinunua, likiwa kwenye kimo kile kile alicholikuta nacho. Na bado vidole vinne vitapita kati ya tairi na tao, kwa hiyo hatalipa.

Hilo la kutolipa ndilo linalotuleta kwenye grenda.

Seti kamili ya shokapu na springi fupi zilizotengenezwa pamoja, zile za Japani zenye kimo cha kurekebishwa kwa spana, inakula milioni na zaidi. Springi fupi peke yake zinapungua bei, ingawa bado ni laki kadhaa. Kukata springi uliyonayo ni kazi ya mchana mmoja na fedha ya kumlipa fundi tu. Basi wanakata. Wengine hawaikati, wanaipasha moto wa gesi ikiwa ndani ya gari hadi inyong'onyee na kujishusha yenyewe. Nimewaona wakifanya hivyo huku wakitazamana na tepu, wakishangilia sentimita.

Springi ni chuma kilichopikwa na kupozwa kwa vipimo maalumu ili kiweze kuminywa na kurudi mamilioni ya mara bila kuchoka. Ukiipeleka kwenye moto wa gesi umefuta mapishi yote. Pale palipoiva upya pamekuwa laini, au pamekuwa pa kuvunjika. Grenda ni afadhali kidogo, haipashi moto sana, lakini nayo inaondoa ncha iliyokunjwa kiwandani ili ikae kwenye kiti chake. Ncha uliyoiacha wewe ni ya mshazari, inakaa upande, na itakaa upande siku zote.

Kisha kuna hesabu ya mizunguko. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ukiiondolea mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20 hivi. Hiyo inasikika kama faida, kwani si tulitaka ugumu? Ila kwa kukata huko umeondoa pia karibu nusu ya nafasi ambayo gurudumu linapandia. Ugumu uliongezeka kidogo, nafasi ilipungua sana. Kwa hiyo kwenye kila tuta mguu unafika mwisho wake na kugonga ile raba ndogo iliyo juu ya shokapu, ambayo kazi yake ilikuwa kugongwa kwa nadra. Raba inakwisha. Baada ya hapo chuma kinagonga chuma, shokapu inatema mafuta, na kipigo kinachofuata kinaenda moja kwa moja kwenye bodi, pale nguzo inaposhikwa na boliti tatu chini ya boneti. Nimeshaona sehemu hiyo ikiwa imevimba kwenda juu.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Gurudumu likiingia korongo linaning'inia, mguu unanyooka wote, na springi iliyokatwa ni fupi kuliko mguu ulionyooka. Inalegea kwenye viti vyake. Kwa sekunde hiyo gari limeshikwa na shokapu peke yake, na springi inacheza humo ndani. Likirudi chini, springi inaweza kukaa ilipokuwa au ikakaa pengine. Kazi yangu yote imejengwa juu ya kuondoa hilo neno "inaweza."

Tairi nazo zinalia kimyakimya. Gari likishuka, magurudumu yanajikunja, juu yanaingia ndani na chini yanatoka nje. Vijana wanaipenda sura hiyo, wanaona ni ya mashindano. Tairi inalika upande wa ndani, ambao mwenye gari haupigi jicho asubuhi anapotoka nyumbani. Upande wa nje bado una meno mazuri, anapita trafiki kwa raha, na ndani nyuzi zimeanza kuchomoza. Ukichanganya na tairodi ambazo nazo zimepoteza mlalo wake, kila gurudumu likipanda tuta usukani unajivuta wenyewe kidogo kushoto au kulia. Nimekwisha kuivua tairi ya namna hiyo kwenye gari lililokuwa limetoka Chalinze siku ile, na mwenye gari alikuja kwangu kwa malalamiko ya usukani tu.

Hapa watu huniambia kwamba natisha, kwamba Japani wanashusha na Ujerumani wanashusha. Kweli wanashusha. Japani gari haliruhusiwi kuwa na nafasi ya chini ya sentimita tisa kutoka ardhini, na kila gari la mtu binafsi linarudi kwenye ukaguzi kila baada ya miaka miwili, baada ya ule wa kwanza wa miaka mitatu. Ujerumani springi fupi zinakuja na hati yake, mkaguzi anazitazama zikiwa zimefungwa, na badiliko linaingizwa kwenye kumbukumbu za gari. Halafu hao Wajerumani na Wajapani wanaendesha kwenye lami ambayo fundi wa barabara aliipima kwa milimita. Sisi tuna matuta.

Sijui kama mtu amewahi kukaa akaandika habari za matuta yetu kwa haki inayostahili. Kuna tuta la kitaalamu lenye mgongo mpana na alama nyeupe. Kuna rasta, zile ndogo ndogo zinazopangwa kwa makundi, ambazo kwa gari lililoshushwa ni mfululizo wa makonzi. Na kuna tuta la wananchi, lililowekwa usiku baada ya mtoto kugongwa, kwa udongo, mawe na saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa mtu. Kimo chake kinafuata hasira ya mtaa. Kulivuka, mwenye gari lililochuchumaa analiendea kwa mshazari, gurudumu moja moja, amekunja uso anasikiliza tumbo. Amezuia njia zote mbili. Bodaboda inampita kushoto na nyingine kulia, daladala nyuma inapiga honi. Siku moja asiposikiliza vizuri, sampo inapasuka, mafuta ya injini yanabaki kwenye tuta, na kama hakuiona taa nyekundu kwenye dashibodi nampeleka kwa jirani yangu mwingine, yule anayefungua injini.

Na gari la kijana wa hapa si la kijana peke yake. Hili ndilo ambalo mitindo ya mbali hailijui. Ukiwa wa kwanza katika ukoo kununua gari, umenunua gari la ukoo. Litabeba shangazi kwenda kliniki, litabeba sufuria za msiba, litabeba bibi arusi na wapambe wake. Desemba, kama wewe ni mtu wa Rombo au Marangu, litapanda Kilimanjaro na watu watano, mchele, sukari, godoro na zawadi za wazee. Springi ya nyuma ya gari dogo huzama kama sentimita moja kwa kila kilo ishirini zinazoongezeka kwenye gurudumu lake. Weka nyuma watu watatu na mizigo ya buti, kila gurudumu la nyuma lipate kilo mia za ziada. Limezama sentimita tano. Mguu wa gari hilo ulikuwa na nafasi ya kupandia ya sentimita nane hadi kumi tangu kiwandani, na wewe Septemba uliondoa tano. Fanya mwenyewe hesabu ya kilichobaki, halafu fikiria barabara ya vumbi inayoacha lami kwenda kwa babu.

Wenye Subaru wananikera kwa namna ya pekee, na nawapenda. Wanaipaka Impreza buluu, wanaweka rimu za rangi ya dhahabu, kisha wanakuja kutaka ilale chini. Jina hilo la Impreza kwenye ardhi yetu ya Afrika Mashariki lilipatikana vipi? Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaliyoishinda yalikuwa yale yaliyovumilia. Colin McRae alipoishinda mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns mwaka 2000 kwa Impreza pia, magari yao yalikuwa yameinuliwa, yamefungwa vyuma vya kinga mbele na bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mwa kioo ili injini isinywe maji ya mito. Mashindano hayo yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakifanyika Naivasha, timu zilileta tena magari yaliyonyanyuliwa kuliko wanavyoyaendesha Ulaya. Wanaoendesha kwa kulipwa, wakifika kwetu, wanapandisha. Kijana wangu, anayeendesha kwa mkopo wa benki, anashusha.

Wazee wenzangu wanaosoma hapa wasianze kucheka. Nyinyi ndio mnaoleta Premio na Noah mkitaka niwawekee spesa juu ya springi, inchi mbili, wengine mnakuja na raba mliyoichonga kutoka kwenye tairi bovu mkitaka niichomeke katikati ya mizunguko. Kitovu cha uzito kinapanda, sivi jointi zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikuumbiwa, buti zake zinachanika na kumwaga grisi, na alaimenti hamwendi kwa sababu "halivuti." Kwa miguu ya gari, kuinuliwa kihuni na kushushwa kihuni ni dhambi ya aina moja. Tofauti ni kwamba mnaoinua mnaonekana wenye busara.

Basi mteja akishusha shingo na kukiri kwamba anataka uzuri, tunaelewana haraka sana. Namwambia nitalishusha sentimita mbili na nusu hadi tatu, si zaidi, na jicho la mtu wa kawaida haliwezi kutofautisha tatu na tano gari likiwa linatembea. Alete springi fupi za gari hilo hilo, si za gari linalofanana nalo, pamoja na shokapu zinazoendana nazo. Bushi na boljointi nabadilisha kwanza, maana huwezi kupima mlalo wa mkono unaocheza. Raba za kizuizi zinakuwa mpya. Siku hiyo hiyo tunakwenda alaimenti, na baada ya mwezi analirudisha nilitazame tairi upande wa ndani kwa tochi. Kama gari ndilo litakalopanda Kilimanjaro Desemba, namwambia abadilishe rimu tu. Rimu kubwa kwa inchi moja na tairi yenye ubavu mfupi kidogo, kipenyo chote kikabaki kile kile, inajaza tao vizuri sana na haigusi springi hata moja. Nusu yao hukubali. Wengine huenda mtaa wa pili kwenye grenda, na siwezi kuwafunga kamba.

Kwa hao wa mtaa wa pili ninaomba kazi ifanywe na wenye mamlaka. Kila mwaka tunapata wiki ya nenda kwa usalama, gari linakaguliwa, linabandikwa stika kwenye kioo. Taa, breki, kizima moto na tairi za upande wa nje vina watu wa kuvitazama. Naomba liongezwe jambo moja ambalo halihitaji mashine wala mtaalamu kutoka nje, wala halichukui dakika tano. Gari lipigwe jeki hadi gurudumu lining'inie, kisha mkaguzi aingize mkono ndani ya tao na kuishika springi. Ya kiwandani, na hata fupi ya halali, imebanwa kwenye viti vyake na haisogei. Iliyokatwa inazunguka mkononi, inalia kwa kugonga. Hiyo ikizunguka, stika isibandikwe, na mwenye gari aambiwe arudi na risiti ya springi mpya nne.